Kupepeta mkaa na mawe kwa kipimajoto: shajara ya mradi wa kunasa hewa ukaa, Mbeya

Naandika kwa ajili ya mwenye maabara ndogo ya shule, au hata banda la nyuma ya nyumba, anayetaka kujua ni kitu gani kinanasa hewa ukaa na ni kipi kinajifanya tu. Hatua ikiisha naongeza maandishi hapa. Palipokwenda sawa nimepita haraka, nilipoharibu nimekaa zaidi. Bei zote ni shilingi, nilivyonunua hapa mjini.

8 Juni 2024

Chanzo ni jiko la mama mkwe, Kiwira. Ana ng'ombe watatu wa maziwa na mtambo wa biogesi wa kuba, uliochimbiwa uani. Gesi haikatiki, ila sufuria inakawia. "Baba, moto huu mvivu," aliniambia Pasaka. "Maharage yananitazama tu."

Biogesi ya kinyesi cha ng'ombe kwa kawaida huwa na methani asilimia 55 hadi 65. Inayobaki karibu yote ni hewa ukaa, ambayo haiungui. Inapita jikoni ikijibebea joto na kuondoka nalo. Viwandani huiondoa kwa kuosha gesi na maji yenye msukumo mkubwa, au kwa kuipitisha kwenye kitu chenye vitundu vidogo mno kinachoishika hewa ukaa na kuiacha methani iende. Njia ya kwanza inataka pampu nisiyo na fedha yake. Ya pili inataka kujua hicho kitu ni kipi.

Na hapa kwetu vya kujaribu ni vingi mno: maganda ya kahawa ya Mbozi, pumba za mpunga za Mbarali na Kyela, magunzi, maganda ya makadamia ya Rungwe, kokwa za parachichi, mianzi, mawe mepesi ya volkano, udongo mwekundu, chokaa. Nilijaribu kupima mkaa mmoja kwa mizani: kausha, pima, pitisha gesi, subiri, pima tena. Jumamosi yote ikaisha na jibu sikuliamini. Nina sampuli 34. Kwa mwendo ule ningemaliza mwakani.

Njia ya mkato imetoka kwa wenzetu. Kitu kinaponasa gesi hutoa joto, na mwaka 2011 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walieleza namna ya kuchuja sampuli nyingi kwa kulipima joto hilo kwa kihisi cha mionzi ya joto, kila moja kwa dakika chache badala ya saa nyingi. Kifaa chao sina. Nina neli za maabara ya shule, Arduino, kibao kidogo cha kompyuta cha kusomea vihisi, ya bei poa (32,000) na likizo ya Juni.

15 Juni

Kisanduku cha kwanza kimekamilika na hakifai.

Nilifunga neli nane kwenye ubao, kila moja na gramu 0.5 ya sampuli, gesi ikiingilia chini na kutokea juu. Kila neli nikaitia kihisi joto cha DS18B20, kile chenye kofia ya chuma, kwa sababu ndicho kila duka la elektroniki linacho na nane zote hukaa kwenye waya mmoja. Vihisi nane kwa 7,000 ni 56,000. Hewa ukaa ni ya mtungi, kujaza 40,000. Watu wa Rungwe gesi hii wanaijua, hutoka ardhini yenyewe, na pale Kyejo huvunwa na kutiwa mitungini.

Neli moja niliweka mchanga mkavu usionasa kitu, nyingine mkaa amilifu (uliotengenezwa uwe na vitundu vingi) niliotoa kwenye katriji ya chujio la maji (18,000), ambao najua unanasa. Nikafungua gesi. Mchanga ukapanda nyuzi 0.4, mkaa nyuzi 0.6. Tofauti ya 0.2! Nikarudia mara tatu, vilevile.

Kosa lilikuwa kofia ya chuma. Kihisi kizima kina uzito mara kadhaa ya sampuli, kwa hiyo joto dogo la nusu gramu ya mkaa linaishia kupasha chuma. Ni sawa na kupima homa ya kifaranga kwa kumbananisha na jembe. Nilipaswa kuliona kabla ya kulipa. Wewe unayefuata, hiyo 56,000 usiitoe.

22 Juni

Nimehamia themista za punje, vihisi joto vidogo vyenye kipenyo chini ya milimita 2, 10 kwa 1,500 kila moja. Hizi zinafukiwa katikati ya sampuli. Arduino Uno ina milango sita tu ya kusoma umeme wa namna hii, hivyo neli nane zimekuwa sita: sampuli tano na mchanga mmoja. Mchanga haukosi zamu. Kila usomaji ni wastani wa visomo 16, maana bila hivyo namba zinacheza kwa sehemu ya kumi ya nyuzi.

Mkaa wa katriji sasa umepanda nyuzi 6.8. Mchanga nao umeshuka nyuzi 1.1.

Huko kushuka kulinisumbua hadi nilipoishika regyuleta ya mtungi: baridi kama barafu. Gesi ikitoka kwenye msukumo mkubwa hadi mdogo inapoa, na ilikuwa inaingia kwenye neli ikiwa baridi kuliko chumba. Fundi friji wa Mwanjelwa alinipa mita mbili za bomba la shaba lililochakaa. Nimelizungusha kama chemchemi na kulizamisha kwenye ndoo ya maji kati ya mtungi na neli. Mchanga sasa unasogea 0.2 au chini ya hapo.

6 Julai

Nimekusanya, nimekausha, nimeponda na kuchekecha punje za milimita 0.5 hadi 1. Kuchekecha kusirukwe: unga laini na punje kubwa za kitu kilekile hutoa vilele viwili tofauti. Kwa ajili hiyo pia nimeacha kusoma kilele cha joto peke yake. Najumlisha eneo lote chini ya grafu kwa dakika sita, nikitoa la mchanga. Kilele hubadilika ukigusa koki ya gesi, eneo hutulia.

Sampuli iliyonipa hamu zaidi ni zeolaiti, punje za madini yenye vitundu vidogo mno. Mashine za kutengeneza oksijeni za hospitali zimejaa zeolaiti. Ndiyo inayoshika naitrojeni na kuipitisha oksijeni. Muuza vyuma chakavu alikuwa na mashine moja iliyokufa, akaniuzia matumbo yake kwa 30,000. Fundi friji naye akanipa punje za kwenye draya za friji, vile vichujio vya kuondoa unyevu, bure. "Chukua mwalimu, si unaokota takataka zote mjini."

Mzunguko mmoja sasa: dakika 6 za gesi, kisha dakika 20 za kupitisha hewa ya kawaida kwa pampu ya tenki la samaki (25,000) ili sampuli iachie ilichonasa na kupoa. Sampuli tano kwa nusu saa.

13 Julai

Wiki ya aibu. Zeolaiti, ambayo kwenye vitabu inanasa hewa ukaa karibu mara mbili ya mkaa amilifu, imepanda nyuzi 0.9. Pumba za mpunga zimeishinda.

Kwanza nilimlaumu muuza chuma chakavu. Kisha nikasema labda oveni ya shule haitoshi, maana inaishia nyuzi 200 na zeolaiti iliyolowa inataka 300 na zaidi ili iachie maji. Nikanunua vyungu viwili (8,000), nikatia mchanga, nikafukia zeolaiti ndani ya kikopo, nikaweka juu ya jiko la mkaa na waya wa joto wa multimita ukiwa umechomekwa humo. Saa tatu kwenye nyuzi 320 hadi 350. Nilipodondoshea tone la maji punje mbili kiganjani ziliniunguza, yaani zilikuwa hai kabisa. Nikazitia kwenye neli, nikapitisha hewa ziweze kupoa, nikafungua gesi: nyuzi 1.3.

Usiku nikapiga hesabu kwenye karatasi. Hewa ya Mbeya mwezi huu ni kavu, lakini kavu kwa ngozi ya midomo tu. Tuseme ina gramu 7 za maji kwa kila mita ya ujazo. Pampu inasukuma lita moja kwa dakika. Dakika 20 ni lita 20, ambazo zina gramu 0.14 za maji. Nusu gramu ya zeolaiti hushiba maji kwenye robo ya uzito wake, gramu 0.125. Yaani mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nazinywesha sampuli maji hadi shingoni kabla ya kuzipima, kisha nashangaa mbona hazili.

Dawa: hewa ya kupoozea inapita kwanza kwenye chupa mbili, moja ya kalisi kloridi kavu ya maabara na nyingine ya zeolaiti iliyochomwa. Zeolaiti ya neli sasa: nyuzi 23. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Punje za draya ya friji, hata baada ya kuchomwa vilevile, zimebaki 0.5. Nazo zinaunguza kiganja ukizidondoshea maji, kwa hiyo hazijafa. Nyingi za draya ni aina ya 3A, yenye vitundu vya angstromu 3 (kipimo cha ukubwa wa molekuli). Molekuli ya maji inapenya; ya hewa ukaa, yenye 3.3, inabaki mlangoni. Hazifai kwa kunasa, ila nimezihamishia kwenye chupa ya kukaushia hewa, na huko zinafanya kazi safi.

Matokeo yote ya tarehe 6 nimeyafuta. Nilikuwa nimeula wa chuya.

20 Julai

Mkaa uleule wa katriji, asubuhi nyuzi 7.9, alasiri 5.8. Maabara asubuhi ilikuwa nyuzi 9 (waliokaa Mbeya mwezi wa saba wanajua), alasiri 23. Kitu hunasa gesi zaidi kikiwa baridi, hivyo sampuli zilizobahatika zamu ya asubuhi zilionekana hodari.

Sasa neli zote zimesimama kwenye boksi jeupe jepesi la kubebea samaki lililojaa maji ya nyuzi 25, nikiongeza ya birika kidogo kidogo. Asubuhi na alasiri zinapishana kwa chini ya asilimia 4.

Jambo jingine kwa anayelinganisha namba zake na za vitabuni: vitabu hupima kwenye msukumo wa baa 1. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni kama baa 0.83. Utapata pungufu hata usipokosea chochote.

3 Agosti

Raundi ya kwanza ya sampuli zote 34 imekwisha kwa Jumamosi moja na nusu. Mawe ya volkano: sifuri, yana matundu makubwa yanayoonekana kwa macho, na matundu ya kuonekana hayashiki gesi. Udongo mwekundu: karibu sifuri. Mikaa ya kawaida iliyochomwa tu bila kuamilishwa: nyuzi 1 hadi 2.5, makadamia ikiongoza, pumba za mpunga zikiburuza mkia kwa sababu sehemu kubwa ya mkaa wake ni majivu ya silika. Nimebakiza saba, 27 nimezimwaga bila huruma.

Kazi ya wiki mbili hizi ilikuwa kuamilisha mkaa wa makadamia, na hapo nimepoteza kilo moja na nusu ya mali. Mkaa huamilishwa ukichanganywa na potasi na kuchomwa nyuzi 700 hadi 800 bila hewa; potasi hula mkaa kutoka ndani na kuacha vitundu. Potasi ya dukani ni ghali, lakini majivu ya maganda ya ndizi yanayo kwa wingi. Nilimweleza mama mkwe ninavyochuja maji kwenye majivu na kuyachemsha hadi ibaki chumvi. Akacheka. "Kumbe mlienda chuo kusomea magadi? Marehemu mama yangu alikuwa anatilia mboga." Akanionyesha kwamba majivu yanapakiwa yakiwa na unyevu kidogo, ama sivyo maji yanachimba njia moja na kupita bila kuchukua kitu. Magadi yangu ya kwanza ndiyo yaliyokosa hilo. Ndaga fijo, mama, yaani asante sana.

Tanuru halikuwa tatizo. Mafundi wanaosubu masufuria huyeyusha alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, hivyo matanuru yao hufika pale pale ninapotaka. Fundi alikubali kwa 10,000 niweke changu pembeni kwa mwezi mzima.

Jaribio la kwanza: kopo la rangi lenye mfuniko. Potasi ikalitoboa kopo, hewa ikaingia, nikafungua nikakuta majivu meupe. Fundi akaniuliza kama ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Jaribio la pili: kipande cha bomba nene la chuma la inchi 3 chenye vifuniko vya nyuzi pande zote (15,000). Kifuniko kimoja kina tundu la milimita 3. Tundu hilo si hiari. Gesi za ndani zisipopata pa kutokea umetengeneza bomu. Likaenda vizuri, saa moja na nusu, kisha nikaharibu mwenyewe kwa haraka: nilifungua bomba likiwa bado vuguvugu. Mkaa mpya wenye vitundu ukipata hewa ya ghafla hujiwasha. Ukaanza kumeta mwekundu mbele yangu kama unanikonyeza.

La tatu: uzito sawa wa mkaa na magadi, saa moja na nusu, bomba likaachwa lipoe hadi kesho yake. Kisha kuosha kwa maji ya moto hadi karatasi ya litimasi isibadilike rangi, mara tisa. Gramu 100 za mkaa zimerudi 62. Joto: nyuzi 6.1, karibu sawa na wa katriji ya dukani.

17 Agosti

Mshindi wa uongo. Nimemwandikia nafasi kubwa kwa sababu alinidanganya siku nne.

Biogesi haitoki kavu. Hutoka kwenye tope imeshiba maji. Kwa hiyo niliongeza raundi ya pili ambayo gesi inapita kwanza kwenye chupa ya maji. Chokaa ya kupaka ukuta, ambayo kwenye gesi kavu haikufanya lolote na niliibakiza kwa sababu ya ubishi tu, ikaruka nyuzi 31. Zeolaiti ikaruka 38. Nilimpigia mama mkwe simu kwamba chokaa ya 3,000 itampikia ugali.

Siku ya nne nikarudia na sampuli zilezile bila kuzibadilisha. Chokaa: 0.3.

Chokaa ilikuwa haijanasa hewa ukaa, ilikuwa imeungana nayo na kugeuka jiwe, na unyevu ndio uliowaunganisha. Kuirudisha kuwa chokaa kunataka nyuzi 800 hadi 900, yaani tanuru la alumini kwa kila chungu cha maharage. Zeolaiti nayo ilinidanganya kwa njia nyingine: zile nyuzi 38 zilikuwa joto la maji yanayoingia, siyo la hewa ukaa. Kipimajoto hakijui nani kaingia. Kinajua tu kwamba mtu kaingia.

Tangu leo kila sampuli inapita raundi nne: kavu, kavu tena, unyevu, kisha kavu. Kati ya raundi neli zinakaa kwenye maji ya nyuzi 90 huku hewa kavu ikipita dakika 15. Kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, 90 inapatikana bila kujitesa. Inayoanguka kwa zaidi ya theluthi kati ya raundi ya kwanza na ya nne inatoka. Imetoka chokaa, na zeolaiti imetoka pia, imeanguka hadi robo. Nyuzi 90 haziitoi maji. Mkaa wa makadamia umebakiwa na asilimia 91.

24 Agosti

Joto limeniambia nani anaonekana mkubwa, lakini nilitaka kujua nani anashika mililita ngapi. Nimechukua nne za mwisho na kuzipima kwa ujazo: sampuli ya gramu 0.5 kwenye chupa ndogo, hewa inafyonzwa na kompresa ya friji iliyogeuzwa kuwa pampu ya kufyonza (ya kuazima), kisha naifungulia bomba la sindano la mililita 60 lililojaa hewa ukaa na kuangalia pistoni inavyozama.

Ikazama, ikaendelea kuzama, haikukoma. Hata chupa tupu ilikuwa "inanasa" mililita 5 kwa saa. Nikapaka sabuni kila kiungio, hakuna povu. Mwizi alikuwa mpira wenyewe. Nilitumia mpira wa silikoni, laini na mzuri kushika, na silikoni hupitisha hewa ukaa kwenye ukuta wake bila tundu lolote. Nimebadilisha na mpira wa dripu, chupa tupu ikatulia. Mipira yote na viungio, pamoja na ile ya silikoni niliyoitupa, 12,000.

Matokeo, nikiipa zeolaiti iliyokaushwa sawasawa alama 100 za joto:

Zeolaiti kavu, joto 100, imeshika mililita 44.
Mkaa wa katriji, joto 31, mililita 23.
Makadamia ya magadi, joto 27, mililita 19.
Zeolaiti niliyoikausha kwenye oveni ya nyuzi 200 tu, joto 36, mililita 16.

Tazama ya mwisho. Kwa joto imewapita mikaa yote miwili. Kwa ujazo iko nyuma yao. Sababu ni kwamba zeolaiti hutoa joto kubwa zaidi kwa kila molekuli inayoshika, kama kilojuli 40 kwa moli, na mkaa kama 24. Kwa hiyo alama za joto zinalinganishika mkaa kwa mkaa, au zeolaiti kwa zeolaiti. Ukizichanganya kwenye orodha moja bila kugawanya, utamvisha taji asiyestahili. Mimi njia hii naitumia kama ungo: inapeperusha pumba haraka sana, na kwa hilo sijaona mfano wake. Kilichobaki kwenye ungo bado kinaenda kwenye mizani, na hiyo ya gramu 0.01 nilinunua 28,000.

7 Septemba

Kiwira. Gramu 400 za makadamia, punje za milimita 2 hadi 4, kwenye bomba la plastiki la inchi 2 lenye urefu wa sentimita 45 (9,000). Mbele yake kuna chupa ya kudondoshea maji, na chupa ya nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zilizoachwa ziote kutu, kwa ajili ya ile gesi inayonuka mayai viza. Kutu huila, na bila kuiondoa itaharibu mkaa taratibu.

Kosa la asubuhi: sikuosha vumbi la mkaa. Mtambo wa kuba una msukumo mdogo, vumbi likaziba, gesi haikupita kabisa. Tukamwaga, tukaosha kisimani, tukakausha juani hadi saa nane.

Kipimo cha shambani ni bomba la sindano na magadi makali ya kutengenezea sabuni. Unavuta mililita 50 za biogesi, unavuta maji ya magadi kidogo, unatikisa huku umeziba. Hewa ukaa inamezwa na kinachobaki ni methani. Vaa glavu na miwani. Gesi ya mama mkwe ilibaki 31 kati ya 50, yaani asilimia 38 ilikuwa hewa ukaa.

Baada ya bomba, mtiririko ukiwa lita 2 kwa dakika: mwanzoni ilibaki 44, dakika ya tisa 40, dakika ya 14 ikawa 32. Hapo mkaa umeshiba. Kwa dakika kama 12 hewa ukaa ilishuka, mwanzoni hadi asilimia 12. Moto ulianza na ncha za njano, kwa kuwa methani ikizidi inadai hewa zaidi. Tukafungua dirisha la hewa la jiko, ukakaza, bluu, una mvumo. Nusu lita ya maji ilichemka kwa dakika 8 badala ya 11. Tundu la jiko ni lilelile; sasa linapitisha methani zaidi kwa muda uleule.

Mama mkwe alitazama moto, akatazama saa yangu. "Kwa hiyo mimi nipike dakika kumi na mbili?"

Hesabu inamuunga mkono. Gramu 400 zimesafisha kama lita 25 za biogesi. Mlo wa saa mbili kwenye jiko lake unakula lita 600. Hiyo ni karibu kilo 10 za mkaa ulioamilishwa, na kwa bomba langu la chuma natoa gramu 300 kwa mkupuo.

Gharama hadi leo, bila nauli ya Mbeya–Kiwira na bila vya kuazima: 301,000. Ukiruka vihisi vya chuma vya tarehe 15 Juni ni 245,000.

14 Septemba

Nimeacha wazo la kilo 10. Najaribu mabomba mawili ya kilo moja moja yanayopishana: moja linasafisha gesi, jingine linapulizwa hewa ya pampu. Mkaa unaishika hewa ukaa kwa ulegevu, kwa hiyo dakika 20 za hewa ya kawaida, bila moto wowote, zinauamsha; kwenye neli umefanya hivyo mara 15 na umepungua asilimia 3 tu.

Kitu kimoja kimenizuia kufungua koki jana. Bomba lililoshiba linabaki na methani ndani, na methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka ikipata cheche. Hewa ya kupulizia inatakiwa kutokea nje, mbali na jiko, na bomba likirudi kazini lazima gesi ya kwanza itolewe nje pia kabla haijaenda kwenye moto. Kwa koki nne za mkono, mtu mmoja akisahau moja tu, tumekwisha. Nimeagiza koki mbili za njia tatu, ambazo haziwezi kufunguka pande zote kwa pamoja. Zikifika nitaandika. Mama mkwe ameambiwa asiguse, naye amejibu kwamba hakuwa na nia.